Sura ya Sita: Parokia Zilizokataa Kufungwa

Saint-Octave-de-l'Avenir kilikuwa kijiji cha milimani, nyuma ya mji mdogo wa Cap-Chat, kwenye rasi ya Gaspésie mashariki mwa jimbo la Quebec. Walowezi wake walipanda huko mwanzoni mwa miaka ya 1930, uchumi wa dunia ukiwa umeporomoka, wakiwa na shoka, misumeno na baraka za Kanisa. Mwaka 1971 serikali ilikifunga. Familia zilihamishiwa pwani, nyumba nyingi zikabomolewa au kuchomwa moto, na jina la parokia likabaki kwenye ramani za zamani. Mwaka uliofuata Marcel Carrière wa Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada alitoa filamu kuhusu siku za mwisho za kijiji hicho, *Chez nous, c'est chez nous*. Kijiji kizima, tangu mti wa kwanza kuangushwa hadi familia ya mwisho kuondoka, hakikufikisha umri wa mtu mzima wa makamo.

Sio Saint-Octave peke yake. Parokia takriban kumi za bara ya Gaspésie na ya eneo jirani la Bas-Saint-Laurent zilifungwa katika miaka hiyo, na makumi ya nyingine zilikuwa zikisubiri zamu yao. Sura hii inahusu zile zilizosubiri kisha zikakataa. Walioandika mpango wa kuzifunga walikuwa wasomi, na wengi wao walikuwa na nia njema. Walihesabu karibu kila kitu, ila kile hasa kilichokuwa kikiwaweka watu hai mahali pale hakikuingia kwenye hesabu yao. Kukielewa, inabidi turudi nyuma miaka mia tatu, kwenye namna ardhi ya Quebec ilivyokatwa.

Wafaransa walipoanza kulima kando ya mto Saint-Laurent katika karne ya 17, kila familia ilitaka kugusa maji, maana mto ndio uliokuwa barabara. Basi mashamba yakakatwa membamba na marefu: kwa kawaida upana wa mita 175 hivi, na urefu wa karibu kilomita moja na robo tatu kuelekea msituni. Safu ya kwanza ilipojaa, ikafunguliwa barabara nyuma yake na safu ya pili ikaanza, kisha ya tatu. Mfumo wa mabwana wa ardhi ulifutwa mwaka 1854, lakini ukipita leo juu ya Quebec kwa ndege bado utaiona michirizi hiyo ya mashamba.

Ukataji huo ulizaa ujirani wa aina yake. Nyumba zilijipanga kando ya barabara, kila moja ikiona moshi wa nyingine. Kila mkulima aliwajibika kwa kipande cha barabara kilichopita mbele ya shamba lake. Majira ya baridi, theluji inapofuta alama zote za ardhi, alitakiwa kusimika miti midogo ya msonobari pembeni mwa njia ili msafiri asipotelee shambani na kuganda. Mtu mmoja akizembea, njia ya safu nzima inakatika. Hapa ndipo napaona mwanzo wa tabia ambayo wataalamu wa miaka ya 1960 hawakuiona: mtu wa safu alijifunza mapema kwamba usalama wake uko mikononi mwa jirani wa nyumba ya saba.

Katikati ya safu lilisimama kanisa. Parokia ilikuwa zaidi ya mahali pa kusali. Wazee wa kanisa waliochaguliwa na waumini walishika hesabu za mali, padri alipokea sehemu moja ya nafaka katika kila sehemu ishirini na sita, na baada ya Misa ya Jumapili watu walikusanyika kwenye ngazi za kanisa kusikiliza matangazo: ng'ombe aliyepotea, mbao zinazouzwa, siku ya kutengeneza daraja. Mwezi Novemba ulikuja mnada wa roho. Mmoja alileta kabichi, mwingine jogoo, mwingine soksi alizofuma mkewe; vilinadiwa papo hapo, na fedha zikalipia Misa za marehemu wa parokia. Aliyenunua kabichi ile kwa bei ya juu kupita sokoni alijua anachofanya, na waliomtazama walijua pia.

Kisha kulikuwa na msaragambo, ambao wenyewe huuita *corvée*. Banda la jirani likiungua kwa radi, wanaume walikuja na nyundo na misumeno, wanawake wakaja na masufuria, na kufikia jioni fremu ya banda jipya ilikuwa imesimama. Hakukuwa na mkataba wala malipo. Kulikuwa na kumbukumbu tu: nani alikuja, na nani hakuonekana.

Nisiyapambe maisha yale. Ardhi haikuwatosha wote. Familia zilikuwa na watoto kumi na zaidi, na shamba jembamba likigawanywa linageuka uchochoro. Kati ya mwaka 1840 na 1930 watu wapatao 900,000 waliondoka Quebec kwenda Marekani, wengi wao kwenye viwanda vya nguo vya Lowell, Manchester na Fall River. Maaskofu waliogopa kwamba wanaoondoka watapoteza imani na lugha kwa pamoja, na jibu lao likawa kufungua ardhi mpya kaskazini na kwenye nyanda za juu. Padri Antoine Labelle wa Saint-Jérôme alilishikilia jambo hilo kwa nguvu kiasi kwamba mwaka 1888 serikali ya Honoré Mercier ilimfanya naibu waziri wa kilimo na ukoloni wa ndani. Neno ukoloni linastahili hapa, kwa sababu misitu ile haikuwa tupu. Waalgonquin, Wainnu na Wami'kmaq waliwinda na kuvua humo tangu kale, na hakuna aliyewaomba ruhusa.

Wimbi la mwisho lilikuja wakati wa Mdororo Mkuu. Mjini Montreal wanaume wasio na kazi walipanga foleni za supu, na wanasiasa pamoja na mapadri wakaona dawa ni kuwarudisha shambani. Mpango uliopewa jina la waziri Irénée Vautrin, wa mwaka 1934, ulitengewa dola milioni 10. Mlowezi alipewa kiwanja cha msitu, ruzuku kwa kila eneo alilofyeka, na padri. Wengine hawakuwahi kushika jembe. Udongo wa nyanda za juu za Gaspésie na Témiscouata ulijaa mawe, jalidi iliweza kushuka mapema Septemba, na barabara ya kufikia soko ilikuwa ndefu na ya matope. Walioshindwa waliondoka mapema. Waliobaki walijifunza kuishi kwa vipande: ng'ombe wachache na viazi kiangazi, kambi za kukata magogo majira ya baridi, utomvu wa miti machipuko, matunda ya porini Agosti. Hakuna kipande hata kimoja kilichotosha peke yake.

Kipande cha utomvu kinastahili maelezo. Mti wa mepo, ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, husukuma maji yake matamu mwezi wa tatu na wa nne, pale usiku unapoganda na mchana unapoyeyuka. Ukitoboa shina, maji hutiririka, meupe na mepesi. Huchemshwa hadi lita 40 hivi zibaki lita moja ya sharubati. Kazi haingoji. Kuni lazima ziwe tayari tangu mwaka uliopita, na majira yenyewe ni wiki chache tu, kwa hiyo ndugu na majirani hukusanyika kwenye kibanda cha sukari kulisha moto usiku kucha. Leo Quebec hutoa takriban asilimia 70 ya sharubati yote ya mepo duniani, na sehemu kubwa hutoka kwenye misitu ya vijiji vidogo ambavyo miaka ya 1960 vilitajwa kuwa havina uchumi.

Kulikuwa pia na fedha za wenyewe. Tarehe 6 Desemba 1900, mjini Lévis, mwandishi wa taarifa za Bunge Alphonse Desjardins alianzisha ushirika wa kwanza wa akiba na mikopo wa Quebec. Mtu aliweza kuweka senti 10. Siku ya kwanza ya kupokea fedha, Januari 1901, zilikusanywa dola 26 na senti 40. Mkewe Dorimène alibeba mzigo mkubwa wa uendeshaji, hasa mumewe alipokuwa Ottawa bungeni. Ushirika ulisambaa parokia kwa parokia, mara nyingi ukianzia sakristia au sebuleni kwa mtunza fedha. Dhamana iliyohesabika zaidi ilikuwa sifa ya mkopaji mbele ya watu wanaomjua tangu utoto. Msomaji aliye mwanachama wa SACCOS atajiona hapa bila kuelezwa.

Mmoja wa waliofikiri sana juu ya ushirika huo ana uhusiano na ukanda wetu. Georges-Henri Lévesque, padri Mdominiko aliyezaliwa mwaka 1903 Roberval, kando ya ziwa Saint-Jean, aliongoza baraza kuu la ushirika la Quebec tangu mwaka 1939. Mwaka 1945 aliwakasirisha maaskofu kadhaa kwa kuandika kwamba chama cha ushirika kisiwe cha Wakatoliki peke yao, kwa kuwa maziwa na mkopo havina dini. Mwaka 1963 alikwenda Butare na kuanzisha Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda, akiwa mkuu wake wa kwanza.

Mwaka huo huo wa 1963, huko Quebec, ilianza kazi ya ofisi iliyojulikana kwa kifupi kama BAEQ, iliyopewa jukumu la kupanga maendeleo ya mashariki yote ya jimbo. Zama zilikuwa zimebadilika. Serikali ya Jean Lesage, iliyoingia madarakani mwaka 1960, ilikuwa ikichukua shule na hospitali kutoka mikononi mwa Kanisa, na vijana waliotoka vyuo vikuu waliamini kwamba umaskini unaweza kupangiwa mkakati ukaisha. Kwa haki yao niseme: waliwasikiliza watu. Walituma wahamasishaji vijijini, wakaunda kamati za wananchi karibu kila kona, wakaendesha vipindi vya redio na televisheni. Hakukuwa na zoezi la ushirikishwaji la ukubwa huo Kanada kabla yake.

Mwaka 1966 ripoti ilitoka, katika mabuku kumi. Ilitaka kilimo, misitu na uvuvi vifanywe vya kisasa. Ilitaka pia watu wa parokia za pembezoni wahamie kwenye miji yenye huduma. Kwenye jedwali, shamba la Saint-Octave lilikuwa kiwanda kidogo chenye hasara. Ukitazama ng'ombe peke yake, ni hasara. Mbao peke yake, hasara. Utomvu peke yake, haba. Vipande vyote vikiwekwa pamoja na msaragambo, nyumba isiyo na kodi, kuni za bure na mlango wa jirani, mtu alikuwa akiishi. Maskini, ndiyo. Lakini jedwali halikuwa na safu ya kuandika mambo hayo, na kwa maoni yangu hilo ndilo kosa lililozaa mengine yote.

Mwaka 1968 Ottawa na Quebec zilisaini makubaliano ya kutekeleza mpango, na ufungaji ukaanza mwaka uliofuata. Kwenye karatasi, wakazi wenyewe ndio waliokuwa wakiomba kuhamishwa, kwa kura. Lakini fikiria kura hiyo inavyopigwa. Shule imefungwa, barabara haitengenezwi tena, padri hajui kama atarudishwa, na fidia inatolewa kwa anayekubali. Familia changa zinaondoka kwanza, kwa sababu ya watoto. Kila inayoondoka inazidisha gharama ya waliobaki, hadi wanaosema hapana wanakuwa wazee wachache mwisho wa safu. Waliohama walipelekwa Matane, Cap-Chat, Sainte-Anne-des-Monts na kwingineko, mara nyingi kwenye nyumba za kupanga. Wakata magogo wa miaka hamsini walijikuta mjini bila ng'ombe, bila kuni, bila kazi, wakisubiri hundi ya serikali.

Habari hizo zilirudi milimani haraka.

Septemba 1970, katika kijiji cha Sainte-Paule nyuma ya Matane, umati ulijaa kutoka parokia jirani. Mkutano huo uliitwa Operesheni Heshima. Wa pili ulifanyika Esprit-Saint mwaka 1971, wa tatu Les Méchins mwaka 1972. Mbele walikuwa mapadri wa parokia, akiwemo Charles Banville, ambaye baadaye aliandika kitabu juu ya harakati hizo. Jambo hili huwashangaza wanaodhani Kanisa la Quebec lilikuwa limekwisha kufikia hapo. Makanisa ya mijini yalikuwa yakikimbiwa na waumini, kweli. Lakini huku juu padri alikuwa ndiye mtu aliyesoma ambaye bado aliishi safu ya tatu, aliyeweza kuandika barua kwa waziri na kuandaa ukumbi, na ambaye angepoteza parokia yake kama wao ambavyo wangepoteza mashamba.

Hawakuomba huruma. Walidai msitu. Vijiji vilizungukwa na miti ya serikali, iliyokodishwa kwa makampuni makubwa ya karatasi. Magari ya magogo yalipita mbele ya nyumba za watu waliokuwa wakiambiwa kwamba eneo lao halina rasilimali. Dai lao lilikuwa jepesi kulieleza: tupeni tuitunze na kuivuna misitu iliyo mlangoni mwetu, nasi hatutahitaji kuhamishwa. Na wakati wakisubiri jibu, wenye vipande vidogo vya msitu binafsi waliunganisha mashamba yao ya miti chini ya usimamizi mmoja, wakaajiri mtaalamu, wakapanda na kupogoa kwa pamoja. Vikundi hivyo vya misitu vilivyoanza miaka ya 1970 vimeenea Quebec nzima na vipo hadi leo.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Témiscouata, upande wa mashariki wa ziwa refu lenye jina hilo. Parokia tatu, Saint-Juste-du-Lac, Auclair na Lejeune, zilikuwa kwenye orodha ya kufungwa. Badala ya kila moja kulilia kanisa lake, ziliunganisha herufi za kwanza za majina yao na kuunda ushirika wa JAL. Wakakaa kuorodhesha walivyo navyo, kipande kwa kipande: misitu ya kutunza, udongo wa juu wenye baridi unaofaa viazi vya mbegu kwa sababu magonjwa ni machache, miti ya mepo, ziwa la wageni wa kiangazi. Walichofanya ni kupanga kwa uwazi, na kwa jina la watu wote, maisha yale yale ya vipande ambayo jedwali la 1966 liliyaona kama udhaifu.

Haikuwa rahisi. Biashara kadhaa za ushirika huo ziliyumba, na wanachama waligombana, kama wanachama wanavyogombana kila mahali. Vijana waliendelea kwenda Rimouski na Montreal. Lakini vijiji vyote vitatu vipo leo, kila kimoja na watu mia chache, na kiangazi kivuko bado huvusha magari kutoka Saint-Juste-du-Lac. Auclair kuna shamba liitwalo Domaine Acer ambalo huchachusha utomvu wa mepo kuwa kinywaji kinachofanana na divai, na watu husafiri mbali kuja kukinunua.

Kusini zaidi, katika eneo la Estrie, kijiji cha Saint-Camille hakikuwa kwenye orodha ya serikali. Chenyewe kilikuwa kikififia taratibu, kama vijiji vingi vya nchi tajiri: duka limefungwa, shule ina watoto wachache, nyumba ya padri haina padri. Katika miaka ya 1980 wakazi wachache walichanga fedha zao wakanunua jengo la duka la zamani lililokuwa katikati ya kijiji. Mwaka 1988 lilifunguliwa kama ukumbi wa watu wote, P'tit Bonheur, ambako hupigwa muziki, hufanyika maonyesho na hupikwa chakula. Baadaye ushirika mwingine uligeuza nyumba ya padri kuwa makazi ya wazee, ili bibi aliyelima hapo miaka sitini asilazimike kumalizia siku zake kwenye mji ambako hamjui mtu. Ushirika huo uliitwa La Corvée. Kijiji kina watu mia tano na kitu. Shule yake ilinusurika kwa sababu kijiji kiliwatafuta wenye watoto na kuwauzia viwanja, jambo ambalo watu wengi walidhani ni ndoto.

Makanisa ndiyo swali gumu zaidi sasa. Waumini wamepungua mno, na paa la shaba au la bati kubwa hugharimu zaidi kuliko bajeti ya kijiji kizima. Mengine yamebomolewa. Mengine yamekuwa maktaba au kumbi. Huko Sainte-Élisabeth-de-Warwick familia ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa ilinunua nyumba ya padri ikaifanya kiwanda cha jibini, kisha ikalichukua na kanisa, na leo magurudumu ya jibini yanakomaa ndani yake. Ijumaa jioni za kiangazi watu hukusanyika nje kununua jibini mbichi ya siku hiyo na kukaa kwenye nyasi hadi giza. Baadhi ya wazee wanaona ni kufuru. Mimi naona afadhali milango iliyo wazi kuliko kufuli, ingawa sikubatizwa pale na wao walibatizwa.

Mwaka 1991, baada ya mkutano mkuu wa watu wa vijijini, lilizaliwa shirikisho la Solidarité rurale du Québec chini ya Jacques Proulx, aliyekuwa kiongozi wa wakulima. Liliisukuma serikali hadi, mwaka 2002, ikatoa sera ya kitaifa ya vijiji: fedha ziligawiwa wilaya, na wakazi wenyewe wakaamua zifanye nini. Kwa zaidi ya miaka kumi ziliendesha maduka ya ushirika, mabwawa ya kuogelea, mabasi ya wazee. Serikali iliyoingia mwaka 2014 iliifuta sera hiyo katika kubana matumizi. Matawi ya ushirika wa Desjardins nayo yamekuwa yakifungwa kijiji baada ya kijiji, yale yale yaliyoanza kwa senti 10, kwa hoja ile ile ya hesabu iliyofunga Saint-Octave.

Na msitu? Sheria ya misitu iliyoanza kutumika Aprili 2013 iliahidi misitu ya jirani: maeneo ya miti ya umma yatakayosimamiwa na jamii zinazoishi kando yake. Ndicho hasa kilichodaiwa Sainte-Paule mwaka 1970. Sera ya utekelezaji ilijadiliwa, vijiji vikaandaa maombi, kisha mpango ukasimama. Halmashauri za Gaspésie na Bas-Saint-Laurent bado zinaudai.